Kamera Ikae Mkononi mwa Mkulima

Mwaka 1935, Vugiri, huku huku kwetu milima ya Usambara, kilianzishwa kituo cha kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Hadi mwaka 1937 kazi ilipokoma, zilikuwa zimetoka filamu 35, nyingi za kilimo na afya, na lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland. Walioamua nini kionyeshwe walikuwa wageni. Mkulima aliitwa mbele ya kitambaa cheupe aelezwe anapokosea.

Mimi nina banda la video Soni, kwenye milima hiyo hiyo, na filamu za mazingira tunazoletewa siku hizi zinanikumbusha Vugiri. Udongo umemomonyoka, mto umekauka, muziki ni wa msiba, kisha sauti nzito inatuamuru tupande miti. Watu hutazama kwa adabu, hupokea fulana, wakaenda zao. Kesho yake kabichi inapandwa kingo za mto kama jana.

Amri isiyo na mapenzi tunajua inaishia wapi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, na wakulima wakalazimishwa kujenga matuta. Kitaalamu matuta yalikuwa na maana, kwa kuwa milima yetu ni mikali na mvua hushuka na udongo. Lakini yalikuja na faini, na watu wakayachukia hadi mradi ukavunjika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wa Kisambaa walikuwa na fikra yao kuhusu ardhi: nchi huharibika wakubwa wanapogombana, na hupona wanapopatana. Kwao mvua na amani vilikuwa jambo moja. Naiamini fikra hiyo kuliko mabango yote ya barabarani.

Ndiyo maana filamu ya Kisilu Musya ilinishika. Kisilu ni mkulima wa Mutomo, kaunti ya Kitui, Kenya. Kwa miaka mitano alishika kamera mwenyewe na kurekodi maisha ya nyumbani kwake, akishirikiana na Julia Dahr, mtengenezaji filamu kutoka Norway, na kazi yao ikatoka mwaka 2017 kwa jina la Thank You for the Rain. Hakuna wa kumhubiria mtu mle. Kuna ukame, kisha dhoruba inaiharibu nyumba yake. Kuna mikutano ambamo Kisilu anawabembeleza majirani wapande miti na kukinga maji, na kuna mke anayebeba mzigo wa nyumba mume akiwa safarini. Desemba 2015 anafika Paris, kwenye mkutano mkubwa wa tabianchi, akiamini wakubwa watasikia. Uso wake pale unasema mengi.

Kikundi cha vijana kiliomba banda langu tuionyeshe. Nilisimama kando ya skrini nikatafsiri, Kiswahili kwanza, na penye uchungu nikahamia Kisambaa. Benchi zilijaa, na wanawake walikuwepo, jambo ambalo usiku wa mpira silioni. Walichokijadili baadaye hakikuwa tabianchi. Walimjadili yule mke. Mama mmoja muuza nyanya aliuliza kwa nini wanaume wa hapa hawawaulizi wake zao kabla ya kukata mti wa mpakani. Mzee aliyekaa nyuma akajibu kwamba mti wake ulikatwa kwa sababu ya kesi ya mpaka na ndugu yake, na tangu siku hiyo hawasalimiani. Hapo ndipo mazungumzo ya mazingira yalipoanza, kwenye ugomvi wenyewe. Tulifunga banda usiku sana.

Nasema wazi, basi: pesa inayokwenda kwenye fulana na semina za hoteli, sehemu yake inunue kamera na kulipa mafunzo ya vijana wa vijijini. Simu wanazo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha kuhariri, kurekodi sauti isimezwe na upepo, na kuwa na subira ya kumfuata mtu mmoja kutoka vuli hadi masika. Wamrekodi bibi anayejua majina ya miti iliyokuwepo kwenye chemchemi. Wamrekodi pia aliyeikata, bila kumdhalilisha, kwa sababu naye ana watoto wa kulipia shule na ana lake la kusema. Kazi zao zionyeshwe kwanza kijijini, mbele ya watu wanaoonekana ndani yake, ndipo ziende Ngome Kongwe Zanzibar kwenye tamasha la filamu.

Bodi ya Filamu Tanzania inaweza kusaidia kwa kurahisisha vibali vya kazi hizi ndogo. Halmashauri nazo zitutambue wenye mabanda. Tunachukuliwa kama watu wa kuharibu vijana, na ni kweli wapo wanaoonyesha mambo yasiyofaa. Lakini ni wapi pengine kijijini watu huketi pamoja gizani, wazee na vijana, wakatazama kitu kimoja kisha wakabishana?

Jumatatu jioni benchi zangu mara nyingi ni tupu. Kijana yeyote wa Soni, Bumbuli au Mlalo aliyerekodi jambo la ardhi yake aje nalo, sitatoza kiingilio. Skrini ipo, jenereta ipo, na kutafsiri nitatafsiri mwenyewe.