Montaji ya video Wamaza: kompyuta ichaguliwe kwa umeme uliopo, si kwa jina lake

Kusini mwa jimbo la Maniema, video imekuwa kazi. Katika Wamaza, Kasongo na Kabambare, familia inayooza binti, kwaya yenye wimbo mpya na watu wa matanga wanataka kumbukumbu iliyokatwa vizuri, yenye sauti safi na majina kwenye ekrani. Vijana wameona kwamba hapo kuna pesa, nao wanachanga dola zao ili wanunue kompyuta ya montaji. Tatizo ni kwamba wengi wao hupewa shauri lisilo la kwao: chukua Core i7, au chukua ile ya michezo yenye taa nyekundu, hiyo ndiyo yenye nguvu.

Shauri hilo linaweza kumfaa mtu wa mji wenye umeme usiku na mchana. Waya za SNEL hazijafika katika sehemu kubwa ya Kasongo na Kabambare. Umeme wa huku ni plaka za jua, au jenereta inayokunywa esansi ya bei kubwa. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe kompyuta ina nguvu gani, bali inakula wati ngapi.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ya kawaida ya risasi, inabeba wati-saa 1.200. Isipotumiwa hadi nusu tu, inakufa mapema. Kwa hiyo zinabaki kama 600 za kufanyia kazi. Kompyuta ya michezo inapotoa video inaweza kuvuta wati 150 na zaidi. Betri hiyo haitaifikisha masaa 4. Kompyuta inayovuta wati 40 itafanya kazi zaidi ya masaa 10 kwa betri ileile. Kijana aliyemaliza akiba yake yote kwa mashine kubwa atalazimika kununua esansi kila siku, na faida ya harusi itaishia kwenye jenereta.

Jambo la pili ni udanganyifu wa jina. Karatasi ya "i7" iliyobandikwa kwenye kompyuta haielezi umri wake. Core i7 ya kizazi cha 4, iliyotoka mwaka 2013, inashindwa na Core i5 ya kizazi cha 12. Mnunuzi asome namba nzima ya prosesa: i7-4600 ni kizazi cha 4, i5-8250 ni cha 8, i5-1235 ni cha 12. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi prosesa kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, na Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya zamani zaidi ya hapo ni ya bei rahisi kwa sababu wenyewe wanaitupa.

Baada ya prosesa, pesa iende kwenye memori na diski. RAM ya GB 8 inatosha kujifunzia. Kazi ya kulipwa inadai GB 16, na anayekata video nyingi za 4K atafute 32. Diski iwe SSD. Diski ya zamani inayozunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini SSD ya kawaida inafika karibu MB 500. Kadi ya grafiki ya pekee inasaidia, hasa kwa DaVinci Resolve, lakini isinunuliwe kwa kuacha RAM.

Wako watakaosema kwamba simu inatosha. Kwa video ya dakika mbili ya kuweka mtandaoni, ni kweli, na hakuna haja ya kumcheka anayeanza hivyo. Lakini harusi ya masaa 4 iliyopigwa kwa 4K, kwa kiasi cha MB 350 hivi kwa dakika, ni karibu GB 84 kwa kamera moja tu. Simu haiwezi kubeba mzigo huo pamoja na sauti ya kamera ya pili.

Kompyuta ya kadiri inaweza kuubeba ikiwa mwenye nayo anajua kazi. Programu kama DaVinci Resolve na Kdenlive zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video; mtu anakata kwa kutumia nakala hizo, kisha mwishoni programu inarudi kwenye picha za asili. Kdenlive ni ya bure kabisa, na Resolve ina toleo la bure linalotosha kazi nyingi. Hakuna sababu ya kupakia Premiere iliyovunjwa kufuli, yenye virusi vinavyoweza kufuta kazi ya mteja.

MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ni mfano mzuri wa mashine inayokula kidogo: shaja yake ni ya wati 30, na inakata video vizuri kuliko kompyuta nyingi nzito. Lakini RAM na diski yake zimeunganishwa moja kwa moja kwenye bamba lake. Haziongezwi, na diski ikifa, fundi wa kijijini hana la kufanya. Anayetaka mashine ya kufunguliwa na kutengenezwa karibu, achukue kompyuta ya ofisi iliyotumika, aina ya ThinkPad au Latitude, ya kizazi cha 8 au zaidi, aongeze RAM mwenyewe.

Kuangalia kabla ya kulipa ni lazima zaidi sasa. Tangu M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, benki za miji hiyo zilifungwa na biashara ya mashariki ikavurugika. Kurudisha mashine mbovu kwa muuzaji wa mbali ni kazi ngumu. Mnunuzi aiwashe bila shaja, aitoe video ya dakika 10 mbele ya muuzaji, asikilize feni, apime betri.

Katika bajeti yoyote ibaki pesa ya diski mbili za nje. Harusi hairudiwi, na marehemu hazikwi mara ya pili ili picha zipatikane. Kijana mwenye kompyuta kali na nakala moja tu ya kazi anacheza na machozi ya watu.

Ndiyo maana njia ya busara kwa vijana wa Wamaza ni kununua pamoja. Likelemba na vikundi vya AVEC tayari vinanunulia watu mbuzi na mabati. Vijana watano wanaweza kupata kompyuta moja nzuri, plaka za jua na diski za akiba, wakagawana siku za kazi. Hiyo ni bora kuliko kila mmoja kubaki na mashine yake dhaifu inayozimika katikati ya kazi.