Mchezo Usiorudiwa Hauna Mwenyewe

Ukikiuliza kikundi cha maigizo mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kiliigiza nini miaka iliyopita, mara nyingi utatajiwa mada badala ya majina ya michezo: kipindupindu, ukimwi, ubakaji, uchaguzi, maridhiano, Ebola. Utaambiwa na mfadhili alikuwa nani. Lakini mchezo wenyewe uliitwaje, nani aliutunga, nani aliigiza nafasi ya mama na nani ya mwanajeshi, na maneno yake yamehifadhiwa wapi, hayo hujibiwa kwa kusitasita. Katika mtaa kama Katindo, unaojulikana mbali zaidi kwa kambi yake ya kijeshi, jambo hili lina uzito wa pekee. Hapo familia za askari, wanafunzi, wachuuzi na watu waliokimbia vijiji vyao wameishi ukuta kwa ukuta miaka mingi, na anayesikika kwa urahisi ni mwenye bunduki au mwenye kipaza sauti. Maigizo si haba. Kinachokosekana ni misimu, yaani ratiba ambayo kikundi kinajipangia chenyewe, ambamo tamthilia kongwe, mchezo wa kikundi wa miaka iliyopita na mchezo mpya hupewa nafasi kila mmoja, kisha hurudiwa. Nadai kwamba mchezo unaoigizwa mara moja kwa agizo la mtu haujawa mali ya mtaa, na kwamba kurudia ndiko kunakoufanya uwe mali yake.

Desturi ya jukwaa la kuagizwa haikuanza na mashirika ya misaada. Enzi za Wabelgiji, shule za misheni zilitumia maigizo kufundisha dini, adabu na Kifaransa; padri au mwalimu ndiye aliyechagua kisa na funzo lake. Wakati wa Mobutu, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1997, dola lilichukua nafasi ya misheni kwa animasio ya kisiasa: shule, ofisi na viwanda vilitakiwa kuwa na vikundi vya kuimba na kucheza kumsifu kiongozi na chama chake. Baada ya vita vya miaka ya 1990 yakaja mashirika, na pamoja nayo teatro shirikishi, njia inayodaiwa sana na kazi ya Mbrazili Augusto Boal, ambapo mtazamaji hualikwa kusimama na kubadilisha mwisho wa kisa. Nia za watatu hawa hazilingani, na haitakuwa haki kumweka mhudumu wa afya kapu moja na mpambe wa dikteta. Hata hivyo, kwa upande wa mwigizaji, kitu kimoja hakikubadilika: ujumbe ulifika kabla ya mchezo, na aliyeuleta ndiye aliyeamua mchezo uishe lini.

Hapa wapo watakaosema kwamba maigizo ya mashirika yameokoa watu, nami sikatai. Ebola ilipothibitishwa Goma Julai 2019, katikati ya mlipuko ulioanza mwaka mmoja kabla katika mkoa huo huo, uvumi ulikuwa hatari karibu sawa na ugonjwa wenyewe. Kisa kifupi kilichoigizwa sokoni kwa Kiswahili cha watu kilifaa kuliko bango la Kifaransa. Lakini kazi ya namna hiyo ni kazi ya tangazo: ikitimia, haina sababu ya kurudi, wala haipaswi kulaumiwa kwa kutorudi. Matatizo huanza pale tangazo linapokuwa ndiyo teatro yote, na pale tunapodhani kwamba njia iliyofaa kwa kunawa mikono itafaa vilevile kwa chuki za kikabila. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha mwaka 2010 matokeo ya jaribio la mwaka mzima kuhusu mchezo wa redio mashariki mwa Kongo. Baadhi ya maeneo yalipata mchezo peke yake. Mengine yaliongezewa kipindi kilichowahimiza wasikilizaji kujadiliana. Walioongezewa kipindi walijadiliana zaidi kweli, ila walikumbuka zaidi manung'uniko yao, wakawa na uvumilivu mdogo zaidi, na wakawa wazito kuwasaidia wasiowapenda. Utafiti huo ulihusu redio, si jukwaa, na utafiti mmoja haufungi hoja. Lakini unatosha kutikisa imani kwamba kisa kikimalizwa na mjadala wa papo kwa papo basi amani imepiga hatua. Kuna mambo ambayo watu huhitaji kukaa nayo, kuyatazama tena wakiwa wametulia, na kuyaona katika sura za watu wasiofanana na jirani wanayemshuku.

Kongo yenyewe ina mfano wa jukwaa lililodumu. Mjini Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilijijengea jina kwa vichekesho vya Kiswahili cha Katanga, jukwaani na hata kwenye televisheni, na kilifanya hivyo katika miaka ile ile animasio ilipotamba. Mwaka 1986 kilitengeneza mchezo kuhusu msemo wa kale unaohusu madaraka na jinsi yanavyoliwa mazima, bila kugawiwa. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walipatana kuhusu mandhari, wakajaribu, wakabishana, wakajaribu tena. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao, akanakili mazungumzo yao na kuyachapisha mwaka 1990. Kwa sababu hiyo, kijana wa leo anaweza kusoma jinsi wananchi wa kawaida walivyoyazungumza madaraka chini ya Mobutu. Mambo mawili yaliwezesha hilo: kikundi kilikuwa na wahusika wake na mtindo wake ambao watazamaji waliutambua mwaka hadi mwaka, na mtu fulani aliandika. Michezo mingapi ya Goma, iliyoigizwa kabla na baada ya mlipuko wa volkano wa 2002, kabla na baada ya waasi wa M23 kuingia mjini Novemba 2012, ingetueleza mengi leo kama ingekuwa na daftari tu?

Mfano wa pili unatoka Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa huko, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000 na kuigiza mchezo wa Kikuyu ambao wasomaji wa Kiswahili waliusoma baadaye kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Serikali iliupiga marufuku mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Lakini mchezo ulikuwa umeandikwa, na mwezi Mei 2022 ulipanda jukwaa la Kenya National Theatre jijini Nairobi. Jengo halikuponyeka, mchezo uliponyeka, na waliouona mwaka 2022 waliweza kupima ni nini kimebadilika kuhusu ardhi, mishahara na dini tangu enzi za wazazi wao. Kipimo kama hicho hakipatikani kwa mchezo mpya peke yake, hata uwe mzuri namna gani.

Swali la nini kiigizwe Katindo ni rahisi kuliko linavyosikika. Kiswahili kina hazina ambayo Goma haijaigusa sana. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanganyika, ambapo watu waliamini kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi za Wajerumani. Mkoa ambao umeona waasi wa Simba wa 1964 wakinyunyiziwa dawa, kisha makundi ya Mayi-Mayi yakifanya vivyo hivyo, hauhitaji kuelezwa kwa nini tamthilia hiyo inauhusu. Na haihubiri. Mwishoni, Kinjeketile aliyekamatwa anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri huko kutatumika kuwaambia watoto wa kesho kwamba kupigania uhuru lilikuwa kosa. Je, alikuwa sahihi? Mama aliyempoteza mwana katika kundi la wapiganaji na kijana anayetamani kujiunga nalo wanaweza kutoka ukumbini na majibu tofauti, na wote wawili wakawa wametazama jambo moja. Ongeza Masaibu ya Ndugu Jero ya Wole Soyinka, kuhusu nabii mjanja wa ufukweni anayewahitaji waumini wenye shida ili aishi. Ongeza Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Gogol, ambamo maofisa wa mji mdogo wanamhonga mpita njia wakidhani katumwa kutoka makao makuu. Ongeza Lina Ubani ya Penina Muhando. Huo tayari ni msimu mzima, na mtazamaji wa Goma angewatambua wahusika wake wote.

Kuna watakaouliza kwa nini tuwapandishe jukwaani Warusi na wageni wengine wakati vijana wetu wana ya kwao ya kusema. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungeambiwa tuchague kimoja. Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Kiingereza Julius Caesar, kitabu kikatoka mwaka 1963 akiwa rais wa Tanganyika, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuwa anamdharau mtunzi wa Kitanzania. Miaka ile ile ndiyo iliyomtoa Hussein. Kongo nayo imeonyesha njia: Faustin Linyekula wa Kisangani aliichukua Bérénice ya Racine, mchezo wa karne ya 17 ambao Mfaransa anauona kama kielelezo cha lugha yake, akaugeuza mwaka 2010 kuwa swali la Wakongo kuhusu Kifaransa walichorithishwa. Kuhusu lugha, ni kweli kwamba Kiswahili sanifu cha Hussein si kile kinachozungumzwa katika mitaa ya Birere au Katindo. Lakini hakuna sheria inayozuia kikundi kukipindua kiwe cha hapa, kama Mufwankolo walivyosema kwa ulimi wa Katanga bila kuomba radhi. Kijana anayehamisha maneno ya Gogol kuyaleta katika Kiswahili cha Goma anajifunza jinsi kisa kinavyosukwa, na mchezo wake mwenyewe wa mwaka unaofuata utamshukuru.

Pingamizi zito zaidi ni la hatari. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na mji ulio chini ya silaha si mahali pa kuwashauri wengine wawe mashujaa. Teatro ya kweli huudhi wakubwa. Kamiriithu ni ushahidi. Lakini hapo ndipo tamthilia kongwe inapofanya kazi ambayo mchezo mpya hauwezi. Mkaguzi wa Gogol anawacheka maofisa wa Urusi ya miaka ya 1830. Yeyote atakayekasirika atakuwa amejitambulisha mwenyewe. Kinga hiyo si kamili, na kikundi ndicho kinachopaswa kupima lini kinyamaze. Bado, kati ya kunyamaza kabisa na kusema jina la mtu hadharani kuna uwanja mpana, na waandishi wa kale wameulima tayari.

Linabaki la njaa na fedha. Mkono mtupu haulambwi, na mwigizaji mwenye watoto ataifuata posho ya shirika. Simwambii aikatae. Namwambia kikundi kichukue kazi ya kuagizwa kama fundi anavyochukua kazi ya mteja, kisha kijiwekee angalau mchezo mmoja ambao hakuna mteja aliyeuagiza. Gharama zake si za kutisha: ua wa shule au ukumbi wa parokia, saa za mchana ili watazamaji wawahi nyumbani na umeme usiwe kikwazo, kiingilio cha faranga chache, mavazi ya mitumba. Muziki na dansi vilithubutu: Tamasha la Amani lilizaliwa Goma Februari 2014, miezi michache tu baada ya mapigano kuzunguka mji. Mashirika nayo yana la kufanya. Yakitenga sehemu ndogo ya fedha za maigizo kwa ajili ya kurudia mchezo wa zamani na kuandika maneno yake, yataacha kitu baada ya mradi kufungwa. Nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema, na jukwaa la kuazima nalo humwacha mwenye mtaa wazi mwenye jukwaa akiondoka.

Kwa hiyo ningependekeza tubadilishe tunachowauliza waigizaji wetu. Fomu za wafadhili huuliza mada ni ipi, walengwa ni wangapi, na tabia gani itabadilika. Viongozi wa shule, parokia, vyama vya vijana na wafadhili wenyewe waongeze swali moja: ni mchezo gani wa miaka mitano iliyopita mnaoweza kuuigiza Jumamosi ijayo? Kikundi chenye jibu kina daftari, kina waigizaji waliofundishana, na kina watazamaji wanaojua kisa na watakaokuja kuona kimegeuzwaje. Kikundi kisicho na jibu kisinyimwe msaada. Kipewe muda na karatasi, kianze kuandika mchezo kinaouigiza mwezi huu, maana huo ndio mchezo wa kale wa Katindo wa mwaka 2040.