Mgonjwa wa bega afundishwe mazoezi

Wapaka rangi, mafundi dari, wasusi na wabeba mizigo huumwa bega kuliko wengi wetu. Wakifika zahanati, mara nyingi hutoka na vidonge vya diklofenaki na agizo la kupumzisha mkono. Naamini hapo tiba yenyewe bado haijaanza. Bega hushikiliwa na kano za misuli minne midogo, na kano iliyochoka hurudishiwa nguvu kwa kupewa kazi kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa bega. Waliofanya mazoezi maalumu ya kuimarisha kano, ni asilimia 20 tu waliotaka upasuaji baadaye. Kati ya waliopewa mazoezi mepesi ya jumla, waliotaka upasuaji walikuwa asilimia 63. Kwa hiyo kuzungushazungusha mkono hakutoshi. Kano inahitaji uzito.

Wapo watakaosema wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, wengi wako hospitali kubwa za mjini, na nauli ya kuwafuata kila wiki haipo. Ni kweli, na ndiyo maana utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 unatuhusu sana. Kati ya watu 708, baadhi walionana na mtaalamu hadi mara 6, wengine walifundishwa mara 1 tu kisha wakaendelea wenyewe nyumbani. Baada ya miezi 12, hali zao zililingana. Vifaa si tatizo: kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo kinatosha. Kiwiko kikae ubavuni, mkono uvute kwenda nje polepole, urudi polepole.

Woga wa maumivu unaeleweka zaidi. Uchungu mdogo unaotulia baada ya zoezi si dalili ya kujiumiza. Ukizidi hadi kesho yake, punguza uzito, usiache. Lakini aliyeanguka akashindwa kuinua mkono, au ambaye bega lake limebadilika umbo au limevimba na ana homa, asianze mazoezi yoyote kabla ya kuonwa na daktari hospitalini.

Kwa wengine wote, naomba waganga wa zahanati watenge dakika 10 za kuonyesha zoezi moja au mawili. Nawe mgonjwa, ukipewa vidonge peke yake, usiondoke kabla ya kuuliza mazoezi.