Bomba la Dawa na Kitambaa

Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, nasi tulilinunulia chuo chetu bomba la mkono la kunyunyizia dawa. Kila asubuhi tulisukuma mpini wake, upepo ukajaa ndani, na maji ya klorini yakatoka kama ukungu juu ya kuta na mikeka. Tukadhani wajibu tumeutimiza. Siku moja watoto waliingia kabla ukungu haujatua. Mmoja wao akakohoa hata akashindwa kusoma. Hapo ndipo tulipowauliza wajuzi.

Kumbe mwezi wa Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Ulimwenguni lilikwisha kuonya: ukungu hauvifikii vilivyofichika, uchafu huidhoofisha dawa, na mvuke wake hudhuru macho na pumzi. Tena mtu hanyunyiziwi kamwe.

Basi osheni kwanza kwa sabuni. Kisha chukueni klorini ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa maji vipimo 49, mkapanguse kwa kitambaa, madirisha yakiwa wazi. Msiichanganye na siki wala dawa nyingine, maana hutoa hewa ya sumu.

Bomba letu tumeliweka; kitambaa twapokezana. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.