Woga wa ugonjwa nao unakula pesa ya shimo

Ndugu zetu wakreseri, pamoja na wamama na watoto wanaowangojea nyumbani, leo tuseme juu ya taabu moja ambayo haiandikwe mara mingi ku fishi ya muganga: kuogopa ugonjwa kupita kiasi.

Ku kivuko chetu cha ziwa, kuanzia Kalemie mpaka Mpala na Moba, kijana akirudia toka mashimo ya Manono ao ya Nyunzu, watu wanamuangalia kwanza kifua. Akikohoa mara mbili, jirani anasema: « Ule naye njo vile, kama mwenzake. » Mwenzake ni ule aliyekonda, akatema damu, akazikwa. Kuanzia siku ile kijana halale tena. Kila asubui anaangalia mate yake. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, jasho inatoka, tumbo inachafuka. Anasema: « Basi, imenifikia. »

Kumbe alama hizo zote, woga peke yake unaweza kuzileta. Mutu akikutana na nyoka njiani, moyo unapiga vile vile, na hana ugonjwa hata kidogo. Lakini nyoka anaenda zake, wazo la ugonjwa linalala na wewe kitandani. Woga unaleta alama, alama inaongeza woga. Waganga wanaita hali hii ipokondria. Si uvivu, si uwongo, wala si ulozi. Mwenye nayo anateseka kweli.

Na pesa inapotea kweli. Famasi ya kwanza: sindano. Ya pili: seromu. Fasi ya tatu wanamupima damu kwa kipimo cha Widal, wanamuambia iko na tifoide, hata kama kipimo hicho kinaweza kusema « ndiyo » kwa mutu aliyeugua zamani na kupona. Pesa ya masomo ya watoto imeenda, na woga uko palepale.

Basi tumuambie « iko mu kichwa yako tu »? Hapana. Wasomaji wa Kifaransa wanamujua Molière, aliyeandika mchezo wa kuchekesha juu ya mugonjwa wa mawazo. Tarehe 17 Februari 1673, yeye mwenyewe akicheza ule mugonjwa, alizidiwa, na usiku ule ule akafariki. Mutu mwenye woga anaweza pia kuwa mugonjwa.

Mukreseri hasa iko na sababu ya kuogopa. Vumbi laini la mawe linaingia mu mapafu na kuleta silikozi, ambayo hakuna dawa ya kuiponyesha, na ambayo inafungulia kifua kikuu mulango. Lakini kifua kikuu kinapona: kwa kawaida dawa ni ya miezi 6, na hapa Kongo inatolewa bila malipo.

Kwa hiyo woga ukutume fasi moja, si fasi kumi. Kikohozi kikipita wiki 2, ao kikija na damu, homa, jasho ya usiku na kukonda, peleka makohozi yapimwe. Umuambie muganga unafanya kazi gani na umekula vumbi miaka ngapi, sababu silikozi haionekane ku makohozi, inatafutwa kwa radio ya kifua. Majibu yakiwa mazuri, uyachunge mu daftari yako na uyaamini. Rudia kupimwa kama muganga amekuomba ao kama alama mpya imetokea, si juu ya maneno ya jirani.

Wengine watasema: afazali kupimwa mara kumi kuliko kufa. Lakini anayezunguka famasi kumi mara mingi amepimwa vyote isipokuwa kile kilichofaa. Na woga uko na watoto wawili: mumoja anakimbilia kila sindano, mwingine anajificha mpaka amechelewa. Wote wawili wanahitaji muganga mumoja anayewajua. Wazee wetu walijua faida yake. Ngambo ya ziwa, kule Karema, Adrien Atiman, aliyesoma uganga Malta, alitunza watu kwa zaidi ya miaka 60 mpaka kufa kwake mwaka 1956.

Wamama, bwana akiuliza kila asubui « Nimekonda? », mumujibu mara moja, kwa upole. Kumujibu mara kumi kunamutuliza saa moja tu, kisha anauliza tena. Na kama wiki zinapita halale, mumupeleke aeleze ule woga wenyewe. Nao unatunzwa, kwa mazungumzo na hata kwa dawa.

Sasa kwenu wakubwa wa mashimo, kooperative na negosiani. Mutu hawezi kuacha woga wakati anameza vumbi kila siku. Maji yakimwangwa ku jiwe wakati wa kutoboa na kuponda, vumbi haliruke sana. Kitambaa ku mudomo hakizuie vumbi lile laini. Leteni maji, lipeni radio za kifua za watu wenu, na musisahau wamama wanaoponda mawe na watoto mugongoni. Munanunua madini kwa kilo. Mapafu yaliyoyatoa hayana duka.