Kodi Ndogo Siyo Gharama Ndogo: Familia Changa na Uchaguzi wa Mtaa



Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi kabla yake walikuwa 4,364,541. Katika ongezeko hilo, pamoja na watoto waliozaliwa hapa, zimo familia changa nyingi zilizotoka Songea, Tabora, Kigoma na kwingineko: mume na mke waliohamishwa kikazi au waliofuata riziki, wenye mtoto mmoja au wawili, na akiba ambayo kodi ya miezi sita yaweza kuimaliza yote. Swali lao la kwanza huwa hili: tukae wapi? Twaona kwamba swali hilo si la familia peke yake. Ni suala la haki, na jumuiya inayowapokea ina wajibu wa kuwasaidia kulijibu.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Dalali humtambua upesi. Humwonyesha nyumba wakati wa jua, humtajia kodi iliyo ndogo, na hudai malipo yake kabla mgeni hajapata nafasi ya kuwauliza majirani. Mgeni naye hulinganisha kodi kwa kodi, akidhani amelinganisha maisha. La hasha! Gharama ya mtaa ni jumla ya kodi, nauli na maji, pamoja na saa ambazo wazazi wanakuwa mbali na watoto wao.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme familia imepata nyumba Chanika kwa kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi, na nyingine ndogo zaidi Tabata kwa shilingi 150,000. Wazazi wote wawili wanafanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi. Kutoka Chanika kila mmoja anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kutoka Tabata, gari moja kwenda na moja kurudi. Tukikadiria nauli ya shilingi 700 kwa kila gari, wa Chanika watalipa nauli ya shilingi 145,600 kwa mwezi, na wa Tabata shilingi 72,800. Ukijumlisha kodi, Chanika inafikia shilingi 225,600 na Tabata 222,800. Ile nafuu ya shilingi 70,000 imeishia barabarani. Na hapo hatujahesabu saa za foleni, wala mtoto anayelala kabla baba na mama hawajarudi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: familia changa yenye kipato kidogo, maadamu watoto ni wadogo, heri ikae katika vyumba vichache karibu na kazi kuliko katika nyumba kubwa iliyo mbali. Wapo watakaopinga kwamba pembezoni kuna hewa safi, uwanja wa watoto kucheza na viwanja vya bei ndogo. Hatukatai. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Chanika, au fundi mwenye wateja hukohuko, hana sababu ya kusogea katikati ya jiji. Umbali unaopimwa ni ule wa kutoka kwenye riziki, siyo wa kutoka Posta.

Hata hivyo, ukaribu usinunuliwe kwa hatari. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na kupita Jangwani kabla ya kuingia baharini, na bonde lake limewavuta wengi kwa sababu liko karibu na Kariakoo. Mvua za Desemba 2011 ziliua makumi ya watu jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Huko zilipata ardhi isiyofurika, lakini zikawa mbali na masoko na vibarua vilivyokuwa vikizilisha. Wapo waliorudi bondeni. Haifai kuwaita wakaidi: waliotakiwa kuchagua kati ya maji na njaa hawakupewa uchaguzi wa haki. Serikali inapopima viwanja vipya, haina budi kuhesabu pia barabara, zahanati na soko.

Nasi tulio mitaani tunaweza kuwasaidia wageni mambo manne kabla hawajatoa fedha.

Kwanza, wauone mtaa wakati wa mvua, au wawaulize majirani wasio na faida katika biashara hiyo maji yalifika wapi masika iliyopita. Alama ya tope ukutani husema kweli.

Pili, waulize maji ya matumizi yanatoka wapi, dumu moja ni shilingi ngapi, choo kinatumiwa na kaya ngapi, na mita ya umeme inachangiwa vipi. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo.

Tatu, watembee kwa miguu hadi shuleni na zahanati. Shule za serikali hazidai ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini mtoto wa darasa la kwanza anayevuka barabara kuu peke yake bado analipa gharama.

Nne, wapange kwanza, wasikimbilie kununua. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Atakaye kiwanja aende ofisi ya ardhi ya manispaa akahakikishe mipaka. Sahihi ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haitoshi.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu. Baadhi ya wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo wamo katika jumuiya zetu. Twafahamu kwamba nao wana watoto wa kusomesha, na wamewahi kukimbiwa na wapangaji wasiolipa. Lakini kijana anayeanza kazi hana mshahara wa miezi sita mfukoni. Hukopa, na deni hilo humfuata mwaka mzima au humsukuma bondeni. Twawaomba wapokee kodi ya mwezi mmoja au mitatu, waandike mkataba, watoe stakabadhi, na waseme wazi kama nyumba huingia maji. Jumuiya nayo yaweza kumdhamini mpangaji inayemfahamu, ili mwenye nyumba asibebe wasiwasi peke yake.

Maswali ya kujadiliwa katika jumuiya:

1. Ni familia ngapi zimehamia mtaani kwetu mwaka huu, na nani alizitembelea kabla hazijalipa kodi?

2. Ni nyumba zipi mtaani kwetu ambazo kila mwenyeji anajua huingia maji, na mgeni haambiwi?

3. Ni nani kati yetu mwenye chumba cha kupangisha aliye tayari kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi?