Kiti kisicho na posho

Kila ninapomwalika mtu aingie kwenye bodi ya kituo chetu cha wanyama hapa Moshi, swali la kwanza huwa lilelile: "Posho ya kikao ni shilingi ngapi?" Simlaumu anayeuliza. Tumeishi katika nchi ambayo semina ina posho, warsha ina posho, na kikao cha saa mbili kina bahasha na soda. Mtu mwenye familia akiitwa Jumamosi mchana kuja kujadili mbwa, paka na punda wa watu wengine, ana haki ya kujua atarudi nyumbani na nini. Jibu langu ni fupi. Posho hakuna. Nauli ya daladala tunamrudishia anayetoka mbali, na chai tunapika wenyewe. Wengi huishia hapo.

Nataka kueleza kwa nini tuliobaki tunaendelea kuketi, na kwa nini naamini kiti hiki kinastahili kupewa uzito uleule tunaoudai kwa kamati ya maji au kamati ya shule.

Mimi ndiye mhazini. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa hesabu katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mkoa huu unaujua ushirika; KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kilianza mwaka 1933, na wapo wazee waliorithi kwa baba zao kihamba, yaani shamba la ukoo, pamoja na uanachama. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka wakulima hao walikaa kwenye mabenchi ya shule wakisomewa hesabu, wengine hawajui hata kusoma, na mmoja akainuka taratibu, akaegemea mkongojo wake na kuuliza magunia yaliyonunuliwa mwezi wa saba yalikwenda wapi. Ulitakiwa kujibu palepale, mbele ya majirani zako. Sijaona ukaguzi mkali kuliko ule. Nilipoombwa kushika vitabu vya kituo cha wanyama, hicho ndicho kipimo nilichokuja nacho, na sioni sababu ya kukilegeza eti kwa kuwa wenye mali safari hii hawawezi kuinuka na kuuliza.

Kwenye bodi tumo watu saba. Yumo mzee mmoja mstaafu wa idara ya mifugo, mwalimu wa shule ya msingi, fundi bomba, mwenye duka la dawa za mifugo, mama anayeuza supu karibu na stendi, kijana wa bodaboda, na mimi. Wageni wanaotutembelea hutarajia kukuta watu walioingia kwa sababu wanawapenda wanyama kupita kiasi. Mapenzi yapo, lakini wengi wetu tulivutwa na shida fulani. Fundi bomba aliingia baada ya mwanawe kung'atwa na mbwa asiyejulikana chanjo yake, na familia ikahangaika kutafuta sindano. Mama wa supu aliingia kwa sababu mbwa wanaozagaa usiku walikuwa wakimpindulia ndoo za mifupa. Watu wa namna hii ndio ninaowataka. Wanajua mtaa unalalamikia nini.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote kwenye bodi ni kukataa.

Mtu asiyewahi kukaa kwenye kituo hudhani kila mnyama anayeletwa langoni lazima apokelewe, na kwamba anayemkataa ana moyo wa jiwe. Basi fikiria asubuhi ya masika, dada mmoja kasimama langoni na boksi la kartoni limelowa chini.

"Shikamoo, mama. Nimewaleta hawa. Mama yao kagongwa na gari."

"Marahaba, mwanangu. Wana umri gani?"

Hajui. Watoto wa mbwa sita, macho yamefunguka, matumbo yamejaa minyoo. Ndani tuna nafasi 30 na zote zina mnyama. Chumba cha karantini kina mgonjwa anayeharisha damu, na kila mhudumu anajua maana yake: inaweza kuwa parvo. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi, na sabuni ya kawaida haiviui. Vinataka jiki na sakafu inayosuguliwa hasa. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake anaweza kutapika leo na kufa baada ya siku mbili tatu. Ukiwaingiza hao sita kwa huruma, unaweza kuwazika wote sita, pamoja na wengine waliokuwa wazima jana.

Ndiyo maana bodi iliketi, katika mchana mtulivu ambao hapakuwa na boksi lolote langoni, ikaandika kanuni. Karantini ikijaa, hakuna anayeingia. Aliyeleta anapewa dawa ya minyoo, unga, dagaa na tarehe ya chanjo, na anaombwa awalee nyumbani kwake mpaka nafasi ipatikane. Kijana wetu wa bodaboda hupita kuwaangalia. Asipoweza kuwalea, tunampigia simu mtu mwingine kwenye orodha ya walezi wa muda. Kanuni hiyo ipo kwenye muhtasari, imesainiwa na mwenyekiti na katibu, na nakala yake imebandikwa langoni.

Faida yake kubwa inampata mhudumu. Zamani kijana aliyekuwa zamu ndiye aliyekataa, ndiye aliyetukanwa, na ndiye aliyekwenda kulala akiliwaza boksi lile. Sasa anasema, "Mama, hiyo ni amri ya bodi, namba zao zipo hapo ukutani." Watu hunipigia mimi. Wengine hufoka. Ninapokea, ninaeleza, na wakitaka kuja kwenye kikao kupinga wanakaribishwa. Kuchukua mzigo huo mabegani mwetu na kumwacha mhudumu afanye kazi yake ya kulisha na kusafisha, kwangu hiyo ndiyo maana ya kuongoza.

Hali ni hiyo hiyo kwa uamuzi mzito zaidi, wa kumwondoa mnyama kwenye mateso kwa sindano. Anayeamua kwamba hakuna tiba tena ni daktari wa mifugo, na sisi hatumwingilii. Lakini ni bodi iliyoandika kwamba ufinyu wa nafasi peke yake hautakuwa sababu, kwamba madaktari wawili wataulizwa pale inapowezekana, na kwamba kila tukio litaandikwa kwenye daftari pamoja na sababu yake. Daftari hilo yeyote anaweza kuomba kulisoma.

Fedha nazo zina ugumu wake. Mbwa mwenye miguu mitatu akipigwa picha nzuri huleta michango kutoka Dar es Salaam hadi ng'ambo. Pumba hazipigwi picha. Ankara ya maji haimlizi mtu. Mfadhili akituma fedha za matibabu ya mbwa fulani, ni za mbwa huyo, hata kama ghala la unga limebaki tupu. Ndiyo sababu naweka safu mbili kwenye kitabu, ya fedha zenye masharti na ya fedha huru, na sikubali mtu ahamishe shilingi kutoka huku kwenda kule bila barua ya aliyetoa. Wapo wanaoniona mgumu. Sijali.

Liliwahi kutufikia jike lenye uvimbe mkubwa sehemu za siri, aina ya saratani ambayo mbwa huambukizana wanapopandana. Ukimwona unageuza uso. Dawa yake inaitwa vincristine, ambayo binadamu wenye saratani nao huchomwa, na hutolewa kwa sindano ya kila wiki, wiki kadhaa mfululizo. Kikao kilikuwa kirefu. Mwalimu aliuliza, kwa haki kabisa, kama fedha hizo zisingewatosha paka wengi kufungwa kizazi. Mzee wetu wa mifugo akaeleza kwamba saratani hii husikia dawa kuliko nyingi, na kwamba jike lile likiachwa litaisambaza kwa kila dume linalolipanda. Tukapiga kura. Tukamtibu, kisha tukamfunga kizazi. Mwalimu alipiga kura ya hapana, na kura yake imeandikwa. Nafurahi kuwa imeandikwa.

Hapa ndipo hoja ya posho inaporudi. Fedha ya posho ingetoka wapi? Ingetoka kwenye unga, au kwa mfadhili ambaye kesho angetaka tupige kura anavyopenda. Mjumbe asiyelipwa anaweza kusema hapana na kwenda zake nyumbani bila kupoteza kitu. Ila nisieleweke vibaya: kujitolea ni kwa wanaoongoza. Anayeamka alfajiri kuosha vibanda lazima alipwe mshahara kwa wakati, awe na mkataba na awekewe mchango wake NSSF. Nimeviona vituo vinavyomwita kijana "mjitoleaji" mwaka baada ya mwaka huku akifanya kazi ya kutwa nzima. Hiyo ni dhuluma, na huruma kwa mbwa haiitakasi.

Nina wasiwasi pia na vituo vinavyoegemea mtu mmoja. Vingi huanzia uani kwa mtu mwema, mara nyingine mgeni aliyekuja kuishi nchini, na kwa miaka mambo huenda kwa fedha zake na simu yake. Siku akiugua au kibali chake kikiisha, wanyama wanabaki na mlinzi asiyejua hata funguo za ghala ziko wapi. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inataka taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa zipelekwe kwa Msajili. Wengine huiona kama usumbufu. Mimi naiona kuwa ndiyo inayomlazimisha mwanzilishi kuwashirikisha wengine akiwa bado na nguvu. Katiba yetu inampa mjumbe miaka mitatu, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Watu wa nyumba moja hawakai wawili. Mwenye duka la dawa hutoka nje ya chumba tunapojadili manunuzi ya dawa, na muhtasari unaandika kwamba alitoka.

Najua yupo msomaji anayesema: watoto wanakaa chini madarasani, nyinyi mnalisha mbwa. Namjibu kwa heshima, maana hata kwetu nyumbani nimeulizwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na watoto ni miongoni mwa waathirika wa mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania ilipoteza karibu watu 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huo, wakati idadi iliyoripotiwa rasmi ilikuwa ndogo mno kulinganisha na hiyo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kinachozuia kinajulikana: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kimbilia sindano, na kabla ya yote hayo, chanja mbwa angalau asilimia 70 katika eneo. Pemba waliufukuza ugonjwa huu kwa chanjo ya mbwa, ukarudi mwaka 2016, wakaufukuza tena.

Badala ya chanjo, halmashauri nyingine bado huwategea mbwa wanaozagaa sumu au kutuma watu wenye bunduki. Mbwa wengi wanaouawa hivyo wana wenyewe. Hufungwa mchana na kufunguliwa usiku walinde kihamba na banda la kuku. Ukiwaua waliochanjwa, nafasi yao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa, na mwaka unaofuata mnaanza upya. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Kabla ya msako wowote naomba mtendaji wa kata aite bodi ya kituo kilicho karibu. Orodha ya mbwa waliochanjwa tunayo. Tunajua nyumba ipi ina jike linalozaa kila mara, nani hukataa kufungua geti, na mchungaji au sheikh gani anakubali kutangaza siku ya chanjo mbele ya waumini wake. Maarifa hayo yamepatikana kwa vikao vya Jumamosi, na serikali inaweza kuyapata bila kulipa senti.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na tunataka kuchanja kata yetu nzima. Tunahitaji meza, watu wa kuandika kadi, na vijana wanaoweza kumshika mbwa bila kumpiga.

Muda wangu katika bodi unaishia kwenye mkutano mkuu ujao, na katiba hainiruhusu kugombea tena. Natafuta wa kunirithi. Awe anajua kujumlisha, awe na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na aweze kumnyima rafiki yake fedha isiyo na risiti. Kama hajawahi kufuga mbwa, tutamfundisha kunawa na kufunga geti. Vitabu viko kwenye kabati la ofisi, risiti zimepangwa kwa miezi. Aje avisome kwanza, aulize anachotaka, halafu ndipo aamue.